Mifano ya Magarimoshi na Kipimo Chake

Hapa Kizota, kama mahali pengi reli ipitapo, vijana huunda mifano ya magarimoshi kwa mabati ya makopo, waya na ndala zilizochakaa. Wengine huicheka kuwa ni mchezo, na wengine huisifu yote sawasawa. Sisi twaona kwamba wote wawili wakosa, maana hakuna aliyeitazama. Kazi ya mikono yastahili kupimwa kama shairi lipimwavyo.

Jambo la kwanza la kuuliza si rangi, bali ni kipimo. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 toka chuma hata chuma. Fundi akikata shauri kila kitu kiwe sehemu moja ya ishirini, njia yake itakuwa sentimita 5. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hata Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Kwa kipimo kile kile ni sentimita 7 na kidogo. Hapa ndipo mifano mingi ianguikapo: kichwa kimefuata kipimo, lakini magurudumu yamefuata vifuniko vilivyookotwa. Tena tumeona garimoshi la umeme limetiwa dohani! Moshi utatoka wapi, nalo lapata nguvu zake katika waya wa juu?

Jambo la pili ni mwendo. Katika makumbusho ya reli Nairobi limo garimoshi namba 5918, liitwalo Mount Gelai kwa jina la mlima wa kwetu Tanzania. Ni moja katika 34 yaliyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Magurudumu yake makubwa yana kimo cha sentimita 137, nayo njia yake ni mita 1 tu. Asiyepima hasadiki, huyapunguza. Wala chombo kile si kipande kimoja. Boila yake imelala katikati ya viunzi viwili vyenye magurudumu na silinda zake, na kila kiunzi hugeuka peke yake ili chombo kirefu kipite penye kona. Fundi aliyeunga kiwiliwili chote kwa lehemu ameunda sanamu. Ikifika konani itaacha njia.

Kwa nini twasema kwa ukali? Katika yale 34 yamesalia mawili tu. Chombo kikiisha kuvunjwa, mfano huwa shahidi wake, na shahidi hapaswi kusema uongo. Tena kijana ajuaye sababu ya kila kipande ameanza kuwa fundi wa vyombo vikubwa.

Kwa hiyo twausifu mfano usio na rangi, ambao magurudumu yake ni ya haki na viungo vyake vyageuka, kuliko ule ung'aao na kusimama tu. Rula na daftari vitangulie mkasi. Nanyi wazazi na walimu, mtoto akiwaletea kazi yake, msiseme tu, "Vizuri." Mwulizeni, "Gurudumu hili, mwanangu, umelipimaje?" Kisha ngojeni ajibu.