Plagi Inayosikiliza Kwanza

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea huko Mbulumbulu, wilayani Karatu, upande ambao mashamba ya ngano yanaishia na msitu wa Ngorongoro unaanza. Haro zilizovunjika, tela, mageti, miguu ya plau, vyote humpitia mikononi. Trekta likiingia kiwanjani kwake hatoki haraka. Hubaki kwenye kigoda, kichwa kimeinama upande, akisikiliza mpaka dereva azime. "Nozeli ya tatu," atasema, kabla hajamwamkia mtu. Ni mara chache sana hukosea.

Ndiyo maana tulishangaa kwamba moyo wake mwenyewe hakuusikia. Msimu wa mavuno alianza kuona kizunguzungu, kisha akaanguka mara mbili karakana. Wapo waliosema kifafa, na jirani mmoja akasema mengine ambayo sitayaandika. Kule Karatu mjini muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu, akahesabu tena. Mapigo 34 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na kati ya 60 na 100. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kisa: vyumba vya juu vilikuwa vinapiga vizuri tu, ila amri yao haikuwa inafika chini, na vyumba vya chini vikawa vinajipigia vyenyewe kwa kujikongoja. "Waya umekatika katikati," alisema Mjomba, na daktari akakubali kwamba ndivyo. Vidonge haviungi waya huo. Akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, akawekewe betri ya moyo. Taasisi hiyo ilianza mwaka 2015. Kabla ya hapo, mara nyingi mgonjwa wa moyo mwenye bahati alikuwa anasubiri safari ya India, na asiye na bahati alisubiri tu.

Wengi wakisikia betri ya moyo huuliza kama inauma. Mjomba hilo halikumsumbua. Alikuwa na maswali yake, kayaandika nyuma ya stakabadhi ya duka la vyuma. Inachajiwa wapi, maana umeme wetu unajulikana? Ikizima usiku? Nikifa mimi, yenyewe haitaendelea kuupiga moyo, mkashindwa kunizika? Na la mwisho, ambalo alilipigia mistari miwili: Nitachomelea tena?

Sasa nimsifu muuguzi wa zamu ya jioni pale Muhimbili, kwa sababu kazi yake haionekani kwenye picha yoyote ya eksirei. Hakumwambia asiogope. Alivuta stuli, akatoa mfukoni betri ya mfano, akaiweka kwenye kiganja cha Mjomba, akanyamaza. Mjomba aliigeuza, akaipima uzito, akapitisha kucha kwenye ungio la yale maganda mawili ya titani. Haifiki gramu 30, nusu ya yai la kuku. Nilimwona akitafuta mahali ilipochomelewa, akapapata, akatikisa kichwa kwa heshima. Hapo ndipo muuguzi alipoiomba ile stakabadhi, akajibu swali kwa swali, kwa mpangilio uleule.

Haichajiwi. Ndani yake kuna litiamu, hudumu miaka kama minane hadi kumi na miwili kulingana na inavyotumika, na haizimi ghafla. Kliniki wanaona mapema kwamba inaelekea ukingoni, wanafungua palepale, wanabadili boksi lote na kuziacha nyaya zilezile zikiwa nzima. Kuhusu kifo hakucheka. Alisema kifaa kinatuma cheche ndogo tu, na nyama iliyokufa haiitikii cheche.

"Kwa hiyo ni plagi," alisema Mjomba.

"Ni plagi, mzee wangu, lakini inayosikiliza kwanza. Moyo ukipiga wenyewe, inanyamaza. Ukichelewa, ndiyo inachoma."

Swali la nne alimwitia fundi anayezipanga betri zile kwa kompyuta. Huyo naye hakutoa jibu la mkato. Aliuliza mashine ya Mjomba ni ya ampea ngapi, anashikilia vipi, ethi anaibana wapi. Halafu akaeleza: isizidi ampea 130, cheche ikae sentimita 60 au zaidi kutoka kifuani, nyaya mbili zisokotwe pamoja na zisijizungushe mwilini, ethi ibanwe karibu na kazi, mahali pawe pakavu, na asianze kabla hawajaipima betri na kumruhusu. Tela la tani saba aliache kwa vijana. Nikaona mabega ya Mjomba yakishuka. Aliyemshusha mabega alikuwa mtu aliyejua ethi ni nini.

Usingizi haukuja kirahisi hata hivyo. Hofu ni kama maji kwenye dizeli, chuja utakavyo, kuna tone linabaki. Saa nane usiku alinikuta macho, nikamsimulia kisa nilichokuwa nimekisoma. Mtu wa kwanza kuwekewa betri ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, huko Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku, na mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewaganda daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho hakikuwa tayari. Elmqvist alikifinyanga kwa gundi ngumu ndani ya kopo la kiwi ya viatu. Kile cha kwanza kilidumu saa chache. Larsson alibadilishiwa vingine, jumla 26, akaishi hadi 2001, miaka 86, akawazika wote wawili, daktari na mhandisi.

"Kopo la kiwi!" Mjomba alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Kisha akalala.

Kilichotokea asubuhi kwenye chumba cha kuwekea betri sikukiona. Nimekipata kwake, na yeye pia hakukiona: aliambiwa ageuze uso kulia, akafunikwa vitambaa vya kijani, akachomwa ganzi chini ya mtulinga wa kushoto. Akabaki na masikio. Anasimulia kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake nyuma ya ukuta. Alisikia kisu kimepita bila maumivu, kisha kimya kirefu cha mtu anayetafuta mshipa. Nyaya mbili zikaingia mshipani, mmoja wa kusikia juu, mmoja wa kupeleka chini, picha ya eksirei ikiwaonyesha zinavyotembea. Ncha ya waya ina skrubu ndogo sana. Daktari alikuwa anahesabu mizunguko kwa sauti ya chini, na Mjomba alihesabu naye.

Waliijaribu. Wakashusha nguvu ya umeme kidogo kidogo, na mlio wa mashine ukaendelea sawasawa, ukaendelea, kisha ukaruka. Anasema ilikuwa kama kukanyaga shimo gizani. Wakarudisha juu papo hapo. Alielewa bila kuambiwa: injini unaishusha mpaka inataka kuzima, ndipo unajua pa kuiweka. Baadaye wakapandisha sana na kumuuliza kama tumbo linarukaruka, maana umeme ukivuka mpaka unagusa misuli ya pumzi na mtu anapata kwikwi isiyokwisha. Halikuruka.

Lakini kitu anachokirudia kila akipata msikilizaji ni hiki. Daktari alimwambia avute pumzi ndefu, kisha akohoe. Alikuwa anatazama waya umelegea kiasi gani. Ukiuvuta ukanyooka, siku mgonjwa anainuka au anavuta hewa, ncha inachomoka. Ukiulegeza mno, unajikunja ovyo. Mjomba amefunga nyaya za breki za pikipiki maisha yake yote, na kila mwanafunzi wake humwambia: acha nafasi ya usukani kukata kona. "Yule bwana," husema, "aliacha nafasi ya mimi kupumua."

Wiki sita alikaa bila kuinua mkono wa kushoto juu ya bega, akiwasumbua vijana karakana kwa maneno tu. Simu anaiweka mfuko wa kulia. Ruhusa ya kuchomelea aliipata baada ya kupimwa tena, na siku ya kwanza alichomelea bawaba moja ya geti, akazima mashine, akakaa.

Nilipomtembelea, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ngano. Alifungua vifungo viwili vya shati, akanionyesha mshono, mfupi kuliko kidole changu cha shahada.

"Pitisha kidole. Unasikia kitundu?"

Sikusikia.