Kipana si Kikubwa: Uhakiki wa Majina na Vipimo vya Viwambo vya Kompyuta

Makala haya yanahakiki namna tunavyochagua viwambo vya kompyuta kwa kazi za ofisini, hasa katika shule na vyuo vya Busia na Tororo. Huenda msomaji akauliza suala hili la mafundi linaihusu nini idara ya Kiswahili. Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, makosa mengi yanayofanyika dukani yanatokana na maneno. Pili, walimu wa lugha ndio wanaoshinda mbele ya viwambo hivyo wakipiga chapa mitihani, wakisahihisha tasnifu na kutafsiri vitabu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Ni dhahiri kwamba upande wa Tororo kazi ya kuandaa matini za Kiswahili itazidi. Shule inayojinyima ili inunue kompyuta mbili tatu haipati nafasi ya kununua tena mwaka unaofuata.

Majina

Aghalabu mnunuzi huulizwa: unataka kipana au cha kawaida? Majina yote mawili yana kasoro. Neno "kawaida" humfanya msikilizaji afikirie kitu duni, ilhali hapo zamani lilimaanisha tu umbo lililozoeleka: uwiano wa 4:3, na baadaye 5:4 kwa viwambo bapa vya inchi 17 na 19. Siku hizi umbo hilo si la kawaida tena. Takriban mwaka 2010 watengenezaji walikuwa wamekwisha kuhamia uwiano wa 16:9, ambao ndio wa televisheni, na vingi vya umbo la zamani vinavyouzwa sasa ni vya mitumba. Wapo pia wanaoviita "vya mraba", lakini mraba una pande nne zilizo sawa, na hivi havina.

Jina "kipana" ndilo linalopotosha zaidi. Katika Kiswahili, shamba pana au mto mpana humaanisha pia ukubwa. Mnunuzi akisikia "kipana" huamini kwamba anaongezewa kitu. Hakuna anayemwambia kwamba, kwa inchi zilezile, kiwambo kipana ni kifupi.

Vipimo

Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kimshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kipimo hicho peke yake hakitoi habari ya upana wala kimo. Tuchukue viwambo viwili vya inchi 19. Cha uwiano wa 5:4 kina upana wa sentimita 37.7 na kimo cha sentimita 30.1. Cha 16:9 kina upana wa sentimita 42.1 na kimo cha sentimita 23.7. Eneo la cha kwanza ni takriban sentimita za mraba 1,135. La cha pili ni takriban 998. Hivyo basi, anayeacha cha kawaida akachukua kipana cha inchi zilezile amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya eneo, huku akidhani amepata faida.

Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Ili kiwambo kipana kifikie kimo cha kile cha kawaida cha inchi 19, inabidi kiwe cha inchi 24, ambacho kimo chake ni sentimita 29.9.

Hata hivyo, haki itendeke kwa pande zote. Kiwambo cha 5:4 cha inchi 19 kwa kawaida kina nukta 1,280 kwa 1,024. Kipana cha kisasa mara nyingi kina nukta 1,920 kwa 1,080, hivyo ukurasa mzima unaweza kuingia, ila kwa herufi ndogo zaidi. Kijana wa mwaka wa kwanza hatalalamika. Mwalimu mwenye miwani atainama kuelekea kiwambo, na kufikia jioni shingo itakuwa imemweleza gharama ya uamuzi huo.

Kazi

Swali linalofaa kutangulia ni la kazi. Hapa mpaka wenyewe unatupa mfano mzuri. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, na vivyo hivyo pale Malaba katika wilaya ya Tororo, mizigo hukaguliwa upande mmoja tu, ule inakoingia. Wakala wa forodha hujaza fomu zake kwenye kompyuta huku akisoma ankara. Kwake kiwambo kipana ni msaada wa kweli: ankara kushoto, fomu kulia, macho yanalinganisha tarakimu bila kufungua na kufunga dirisha kila mara. Tarakimu moja ikikosewa, lori linaweza kukwama.

Mfasiri anafanana na wakala huyo. Huweka matini chanzi upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Kurasa mbili za A4 zikiwa bega kwa bega zina upana wa sentimita 42, na kiwambo kipana cha inchi 24, chenye upana wa sentimita 53.1, kinazimeza kwa nafasi. Vivyo hivyo kwa anayejaza majedwali ya alama za wanafunzi.

Mpiga chapa wa mitihani na msahihishaji wa tasnifu wana kazi ya aina nyingine. Hawa husoma kuteremka. Wanahitaji kuona aya nzima pamoja na ile iliyoitangulia, ili wagundue upatanisho wa kisarufi uliovunjika au hoja iliyorudiwa. Kwao kipana kifupi ni dirisha la jikoni: upepo unapita, lakini huoni ua wote. Wanafaa zaidi kupewa kiwambo cha 5:4 kilicho kizima, au kipana chenye stendi inayozunguka. Kipana cha inchi 22 kikisimamishwa wima hupata kimo cha sentimita 48.7.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba katika maombi ya ununuzi tuache kuandika "kipana" au "cha kawaida" pekee. Tuandike kimo na upana kwa sentimita, idadi ya nukta, na kazi inayokusudiwa. Mnunuzi aende dukani, Busia au Tororo, akiwa na rula na karatasi moja ya A4. Aisimamishe karatasi mbele ya kiwambo kabla ya kutoa pesa. Kwa wanafunzi wetu wa isimu, kuna kazi nyingine: kukusanya majina ambayo wauzaji na wateja wa pande zote mbili za mpaka huviita vifaa hivi, na kupima ni yapi yanayomweleza mnunuzi ukweli. Istilahi inayomfanya mtu alipie asichokitaka inahitaji kusahihishwa kama kosa jingine lolote la lugha.