Fundi wa Bunia na diski isiyoonekana

Kuna mafundi wa kompyuta hapa Bunia ambao ukiwapelekea mashini yako huanza kwa kukuuliza maswali. Bisibisi iko mezani, haijaguswa. Diski hii ulinunua wapi? Ulipoifunga, mashini ilikuwa imechomolewa kwenye umeme? Ile ya zamani bado imo ndani? Ilikuwa inafanya kazi hadi siku gani? Mteja mwenye haraka huona anapotezewa muda. Mimi nimezoea kukaa kwenye benchi na kutazama, maana kazi yenyewe inaanzia katika maswali hayo.

Kazi ninayoisifu ni ndogo, na wengi hawaihesabu kuwa ni kazi: diski mpya imefungwa ndani ya kompyuta ya mezani, lakini kompyuta haiioni. Jambo hili liko kila mahali mjini. Vibanda vinavyochapa kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi wa chuo cha ualimu cha ISP na wa Université Shalom hujaza diski upesi. Wapiga picha za harusi hujaza zao upesi zaidi, na redio zina miaka ya sauti za kuhifadhi. Siku moja mwenye mashini anaamua kununua diski kubwa, anaifunga mwenyewe au anafungiwa na kijana wa jirani, anawasha, na hakuna kitu. Kwenye skrini ipo ya zamani peke yake.

Kinacholifanya jambo hili liwe zito kwetu ni barabara. Vifaa hivi vingi vinatoka Kampala. Vinapita Goli na Mahagi kwa lori, au vinavuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, kisha vinapanda mpaka hapa. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kila mfanyabiashara anajua kwamba kuna majuma ambayo njia haipitiki. Kumrudishia diski muuzaji aliye ng'ambo ya mpaka ni safari, ushuru na maneno mengi. Kwa hiyo fundi akitamka kwamba diski imekufa, ametoa hukumu inayogharimu dola na majuma. Fundi mzuri haitoi hukumu hiyo kabla hajamaliza kuchunguza kila kitu kingine.

Nimemwona mmoja akifanya hivyo, nikabaki nimekaa mpaka mwisho. Mama mwenye kibanda cha kuchapa alikuja na mashini mikononi, akaiweka mezani, akasema, "Papa, mashini haioni diski. Wameniuzia iliyokufa." Fundi akamjibu taratibu, "Ngoja kwanza, mama. Tuisikilize."

Na kweli aliisikiliza. Aliunganisha waya wa umeme peke yake, ule wa data akauacha ukining'inia, akawasha mashini huku vidole viwili vimegusa ubavu wa diski. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na zikianza kuzunguka kidole kinapata habari kabla ya skrini. Kuna mtetemo mwembamba unaopanda kisha unatulia, halafu sauti fupi ya mkono wa kusomea ukitoka mahali pake. Muuguzi anayeshika mkono wa mgonjwa kutafuta mapigo hukaa vivyo hivyo: uso umetulia, macho hayatazami popote.

Vidole vinaweza kuleta habari tatu. Diski inazunguka vizuri, basi tatizo liko njiani, kati yake na ubao mama. Au inazunguka huku ikigonga tak, tak, tak, kisha inazima: hapo huenda imeumia kweli, pengine iliangushwa njiani. Au imenyamaza kabisa. Ya mama yule ilikuwa imenyamaza.

Wengi wangeishia hapo, kwani diski isiyozunguka imekufa, na huo ndio mwisho wa habari. Yeye aligeukia kisanduku cha umeme cha mashini. Diski kubwa ya mezani inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye njia ya volti 12, yaani zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache, halafu mahitaji yanashuka. Kisanduku kilichochoka kinaweza kulisha diski moja miaka yote, kikashindwa siku ya kuongezewa ya pili. Na visanduku vya Bunia vinachoka mapema. Umeme unaotoka Budana, kituo cha mto Shari kilichojengwa zamani kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, hauutoshi mji uliokua hivi. Wengi wetu tunaishi kwa jenereta na paneli za jua, volti zinapanda na kushuka, na vumbi jekundu la kiangazi linaziba feni. Fundi akachomoa diski ya zamani, akaipa ile mpya waya uleule uliokuwa ukiilisha ya zamani. Kimya. Akachukua kisanduku kingine kutoka kwenye mashini yake ya majaribio. Kimya tena.

Sasa mama alikuwa ameshakata tamaa. Fundi aligeuza diski na kusoma karatasi yake kwa muda mrefu, akiipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kisha akatafuta kwenye kopo mkanda mwembamba wa rangi ya kahawia, ule unaovumilia joto, akakata kipande chembamba kwa wembe, na kwa ncha ya kibano akakibandika juu ya mguso mmoja tu wa sehemu ya umeme ya diski. Wa tatu. Akarudisha waya, akawasha. Diski ikazunguka.

Elimu iliyo ndani ya kipande kile cha mkanda inastahili kuelezwa. Plagi ya umeme ya SATA, aina ya muunganisho wa diski hizi, ina miguso 15. Katika visanduku vingi vya zamani, mitatu ya kwanza hupeleka volti 3.3, ambazo diski kubwa hazikuwa na haja nazo. Mwaka 2016 kanuni za SATA zilibadilishwa, na mguso wa tatu ukapewa kazi mpya: ukiwa na volti, unaiamuru diski ibaki imezima. Hiyo inawafaa wenye vyumba vya mashini maelfu, wanaotaka kuzima na kuwasha diski moja kwa mbali. Diski zilizotengenezwa kwa ajili yao husambaa sokoni, zinafika Kampala, zinafika Bunia, zinafungwa kwenye mashini ya mwaka 2010 ambayo kisanduku chake kinatuma volti kwenye mguso ule muda wote. Diski inatii amri. Mwenyewe anaiona maiti. Ndiyo maana kisanduku cha pili hakikusaidia, nacho kilikuwa cha enzi ileile.

Ipo njia nyingine, ya kutumia waya wa kuunganishia unaotoka kwenye plagi ya zamani ya pini nne, kwa kuwa plagi ile haina volti 3.3 kabisa. Fundi niliyemtazama anao kwenye kopo, lakini anachagua. Ile ambayo nyaya zake zimezibwa ndani ya plastiki ya kumiminwa anaikataa, kwa sababu nyaya zikisogeleana mle ndani zinaweza kuungua. Anachukua ambayo kila waya unaonekana umebanwa mahali pake. Chaguo hilo mteja hataliona kamwe, na ndilo linaloamua kama kibanda kitakuwepo mwakani.

Kuzunguka si kuonekana. Zinafuata hatua nyingine, na hapa nitakwenda haraka kidogo, ingawa yeye hakwenda haraka. Waya wa data una miguso saba na huharibika bila dalili ya nje. Aliuweka waya aliokwisha kuujua kuwa mzima, akijaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha viwili pamoja na mashini ikapona, hujui ni kipi kilichoponya. Kisha akaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashini yenyewe. Katika baadhi ya mashini za ofisi zinazotufikia zikiwa zimetumika Ulaya, kama Dell OptiPlex, kila tundu la SATA lina alama yake ya kuruhusiwa au kufungwa, na tundu lisilokuwa na kitu huenda limefungwa. Ukichomeka diski humo, unaongea na ukuta. Aliweka alama, akahifadhi, akawasha upya.

Ila kwanza aliangalia tarehe. Saa ya mashini ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma. Akachomoa betri ndogo ya CR2032 kutoka kwenye ubao mama, akaipima: ilikuwa mbali na volti 3 inazopaswa kuwa nazo. Betri hii hutunza saa, na katika mashini nyingi hutunza pia mipangilio, wakati mashini haina umeme. Mashini inayokaa siku nzima imechomekwa haiitumii sana. Mashini ya Bunia, inayozimwa kila jenereta inapozimwa, inaimaliza. Bila betri mpya aliyoiweka, alama ile ingeweza kufutika, na mama angerudi juma lijalo akiililia diski ileile. Hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi katika ufundi huu: kuona leo kosa la juma lijalo.

BIOS ikaiona. Windows bado. Hapo hakuna ubovu tena, ni kawaida ya diski mpya: haina mpangilio wowote ndani, haijagawanywa, haijafomatiwa, haijapewa herufi. Unafungua sehemu ya usimamizi wa diski na kuianzisha. Mpangilio wa zamani, MBR, huhesabu vipande vya baiti 512 kwa namba ya biti 32, kwa hiyo unakomea takriban terabaiti 2. Kinachozidi hapo kinapotea. Diski ya mama ilikuwa kubwa kuliko hiyo, akachagua mpangilio mpya, GPT.

Lakini kabla ya kubofya alisimama. Aliandika kwenye karatasi namba ya diski mpya na ukubwa wake, akalinganisha na kilichokuwa kwenye skrini, akamwita mama aje atazame naye. Mashini ilikuwa na diski mbili sasa, na moja ilibeba kazi za wanafunzi. Mkono unaofomati diski isiyo yake hauwezi kuirudisha kirahisi. Nimewaona vijana wenye ujuzi mwingi wakibofya hapo bila kupumua, na sijapenda.

Mwishoni akafungua programu ya kusoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe: imewashwa kwa saa ngapi tangu kiwandani, vipande vingapi vimehamishwa kwa sababu ya ubovu. Sokoni kuna diski zilizotumika miaka zikaoshwa na kubandikwa karatasi mpya. Hii ilikuwa na saa chache tu. Mama hakuwa ameibiwa na mtu.

Sasa bei. Mama aliuliza, "Umebadilisha nini, papa?" Fundi akasema ukweli: betri, na kipande cha mkanda. Niliona uso wa mama ukihesabu. Betri ni bei ndogo, mkanda ni bure. Basi kwa nini alipe zaidi? Swali hili mafundi wa Bunia wanalisikia kila siku, na wapo walioamua kulikwepa kwa kuuza kitu. Wanakuambia kisanduku kimeungua, wanakufungia kingine, unalipa bila kulalamika kwa sababu umeshika kifaa mkononi. Fundi mkweli ndiye anayepata kidogo. Sisi wateja ndio tumeupanga ulimwengu huo, kwa kulipia chuma na kukataa kulipia akili.

Mama yule alilipa, baada ya kueleweshwa. Nami nawaomba wasomaji wenye mashini, wa hapa na wa Beni, Butembo, Aru au Kisangani: mwacheni fundi aulize maswali yake yote, myajibu bila kuficha kwamba kijana wa jirani alishagusa. Msimharakishe anaposikiliza. Na akiwaambia kwamba diski yenu ni nzima, kwamba ulikuwa waya tu, au betri, au alama moja ndani ya BIOS, mlipeni kazi ya kutafuta, kwa sababu amewaokolea bei ya diski nyingine na safari ya Kampala.