Valkyries: Wageni Walioingia kwa Kishindo

Jamani, acheni mnachotazama! Huko San Francisco kumezaliwa timu ya kikapu ya wanawake, Golden State Valkyries, na msimu wake wa kwanza, wa 2025, umenitia wazimu. Nimeufuatilia kwa simu hapa Shumba Mjini, kaskazini mwa Pemba, ambako ukisema mpira kila mtu anaelewa wa miguu. Mechi ya saa moja usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Usingizi? Utalala mchana.

Kwanza sikieni kikosi kilivyopatikana. Desemba 2024 ligi ya WNBA iliwaruhusu kuchukua mchezaji mmoja kutoka kila klabu, lakini kila klabu ilikuwa imeshawafungia ndani sita wake bora. Yaani wenzetu waliambiwa wachague kwenye mabaki! Wakachukua 11, wakaongeza wengine waliokuwa huru, wakaingia uwanjani. Timu ya namna hiyo hupigwa mwaka mzima huku mashabiki wakiombwa subira. Hawa wakashinda mechi 23, wakapoteza 21, wakafuzu hatua ya mtoano. Tangu ligi ianze 1997, kabla yao hakuna timu mpya iliyowahi kufuzu mwaka wake wa kwanza. Hakuna!

Sasa mtazameni Veronica Burton. Alikotoka, Connecticut, alikuwa akikaa benchi na kufunga pointi tatu hivi kwa mechi. Hapa amekabidhiwa usukani, akafikisha karibu pointi 12 na pasi 6 za kuzalisha vikapu, na ligi ikamtunuku tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Lakini mimi nampendea mikono. Mpinzani anadhani ana mpira, kumbe Burton keshaondoka nao, yuko upande wa pili anaweka kikapu.

Na ukabaji! Kocha Natalie Nakase ni mfupi kuliko wachezaji wake wote, ila akisimama pembeni ya uwanja akaanza kupiga kelele, hata mimi huku najikuta nimekaa wima. Hakuna anayeachiwa nafasi ya kupumua. Ndiye aliyechaguliwa Kocha Bora wa mwaka, na sioni nani angebisha. Kikosi chenyewe kiliundwa na meneja mkuu Ohemaa Nyanin, mwenye asili ya Ghana, mama mwenye jicho la kuona dhahabu mahali wengine walipoona mchanga.

Halafu watu. Mechi zote 22 za nyumbani tiketi ziliisha, mashabiki 18,064 kila siku, ukumbi mzima rangi ya zambarau. Mechi ya kwanza walifungwa na Los Angeles Sparks, 84 kwa 67, na watu wakarudi vilevile.

Kasoro zipo, nisiwafiche. Kuna robo nzima mipira inagoma kuingia, wanarusha za pointi tatu mpaka unataka kuitupa simu. Juni baadhi yao waliondoka kwenda EuroBasket kuchezea nchi zao. Julai Kayla Thornton, wa kwanza wa timu hii kuitwa kwenye mechi ya nyota, akaumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Nilijua wamekwisha. Wapi!

Mtoano uliwakutanisha na Minnesota Lynx, vinara wa ligi. Mechi ya kwanza ilikuwa kipigo, 101 kwa 72, tupite haraka. Ya pili ndiyo mechi! Haikuchezwa hata nyumbani kwao, maana ukumbi ulikuwa umechukuliwa na mashindano ya tenisi, wakahamia San Jose. Wakaongoza kwa pointi 17, Lynx wakarudi kidogo kidogo, ikaisha 75 kwa 74. Pointi moja! Wakatolewa, nami nikabaki nimeshika kichwa.

Kwa pwani yetu, ambako timu ya kikapu ya KPA ya Mombasa ndiyo inayovuma, ligi hii si ya mbali tena. Madina Okot, yule binti mrefu wa Kenya, alitoka chuo cha Zetech akaenda kucheza vyuo vya Marekani, Mississippi State kisha South Carolina. Hiyo ndiyo njia wanayopita wengi kufika WNBA.

Msimu huu naupa tisa kwa kumi. Kama una bando la usiku, tafuta mechi ile ya San Jose, ya Septemba 17, uitazame yote. Usiruke mbele.