Panga halikuwa na kazi kwenye ule mkungu

Waliokuwepo shambani pale Bwizibwera, kando ya barabara ya Ibanda, waliona. Mwezeshaji wa somo la wakulima alifika kwenye mgomba wa tatu, akatazama ua dume lililoning'inia chini ya chane ya mwisho, akaitisha panga. Ufito wenye panda ulikuwa umeegemezwa pale pale, umechongwa kwa kazi hiyo. Akakata. Utomvu ukachuruzika hadi kwenye mpini. Akalipangusa panga kwa jani kavu, akasogea kwenye mgomba wa nne, akakata tena. Hapo ndipo somo zima lilipoharibika, na sioni namna ya kulitetea.

Tazama alichokata. Kile kigogo tunachokiita shina si shina: ni sehemu za chini za majani, zimekumbatiana. Shina la kweli ni tunguu, nalo limejificha ardhini. Majani yakishatimia idadi, kikonyo hupanda kutoka kwenye tunguu kikipita katikati ya kigogo, hutokeza kileleni na kupinda kikiwa kimebeba maua. Maua ya kike hutangulia, ndiyo chane zetu; ya kiume hubaki nchani, yamefunikwa kwa magamba yenye rangi ya zambarau. Kwa hiyo anayekata pale amefungua bomba ambalo mdomo wake mmoja uko juu na mwingine uko kwenye tunguu, na tunguu ndilo linalowalisha watoto wote wa mgomba huo. Bakteria wa ugonjwa wa mnyauko wa migomba wakiwekwa kwenye jeraha bichi namna ile hushuka ndani ya mirija ya kikonyo mpaka chini. Panga lililotoka kwenye mgomba wa tatu likiwa na utomvu liliwabeba wote waliokuwemo, kama walikuwemo, likawakabidhi mgomba wa nne.

Kuliondoa ua dume lenyewe ni sahihi, na wakati aliochagua ulikuwa mzuri. Matoke hujaa bila chavua na hayana mbegu, kwa hiyo chane ya mwisho ikishatokeza, ua lile halina tena faida kwa mkulima. Lina hatari tu. Magamba na maua ya kiume yakidondoka huacha kovu bichi, na nyuki wanaofuata nekta huleta bakteria kutoka kwenye ua la shamba jingine. Ndiyo maana Kayinja imeumia kuliko ndizi nyingine, na ndiyo maana Nakitembe husalimika mara nyingi: maua yake ya kiume hushikilia magamba, hayadondoki, mdudu hapati pa kupenyezea ugonjwa. Ufito wenye panda unaleta usalama ule ule kwa mkono wa mtu. Panda hushika kikonyo, unazungusha, kinavunjika chenyewe kwenye sehemu laini. Hakuna makali yanayotoka kwenye utomvu wa mgomba mmoja kuingia kwenye nyama ya mwingine.

Nimeambiwa migomba ilionekana mizima. Bila shaka ilionekana! Mgomba huweza kukaa na bakteria hawa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya jani kulegea. Nidhamu ya chombo ipo kwa ajili ya mgomba unaoonekana mzima. Ule uliokwisha kunyauka hata mtoto anaujua. Nimeambiwa pia panga lilipanguswa. Jani kavu haliui bakteria. Moto unaua, na moto wa chai ulikuwa hatua chache kutoka pale, unawaka.

Ugonjwa huu si mgeni. Ethiopia waliuandika kwenye ensete, ndugu wa mgomba, mwaka 1968, ukaonekana Mukono, hapa Uganda, mwaka 2001, na Wilberforce Tushemereirwe na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kawanda wakamtambua bakteria mwenyewe. Ndugu zetu wakimbizi waliokuja makazi ya Nakivale kutoka Masisi, Kongo, waliuona ukimaliza migomba yao. Wawezeshaji niliowaona miaka ile walikuja vijijini na fito mkononi, na ukiwapa panga walikuuliza kwanza kama limepita motoni. Sijaona tena watu wa kiwango kile. Kosa la enzi zao nalisema kila nipatapo nafasi: amri ya kung'oa shina na watoto wake wote, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wakulima wengi waliikwepa. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba si kila mtoto wa tunguu lenye ugonjwa huambukizwa, na kwamba kukata ule unaougua peke yake, mapema na kwa chombo safi, kunatosha. Lakini amri ile ilikuwa kali kupita kiasi kwa kuuogopa ugonjwa. Huyu wetu hakuuogopa kabisa.

Mengine aliyafanya sawa: matandazo aliyaweka vizuri, na mizizi aliifukua kwa uangalifu ili tuone ilivyo juu juu. Majani ya mgomba wenye mkungu hakuyagusa, na amefanya vyema, kwa sababu mkungu ukishatoka hakuna jani jipya linalokuja; yaliyopo ndiyo yatakayozijaza ndizi mpaka mwisho.

Kinachonikosesha amani ni machipukizi. Jioni yaligawiwa kutoka kwenye mashina yale yale, mengine yakapakiwa kwenda Juru na Rubondo, kule Nakivale. Aliyepewa asiyachanganye na shamba lake la zamani: ayapande kando, awe na panga lake la huko, na asimgawie jirani chipukizi mpaka mzao wa kwanza upite salama. Mwenye shamba la Bwizibwera naye aipitie kila wiki migomba iliyokatwa. Kikonyo kikianza kukauka kuanzia nchani, au ndizi zikiiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kahawia, aukate mgomba huo peke yake chini kabisa, usawa wa udongo, kisha alipitishe panga motoni kabla hajagusa mwingine.