Yaliyoandikwa Pambizoni

Ukitaka kujua Mkenya alifundishwaje kusoma riwaya, usimuulize. Chukua nakala yake ya zamani ya kitabu cha fasihi, ufungue popote. Utakuta mistari ya kalamu ya rangi, na pembeni, kwa herufi kubwa: KINAYA. TASHBIHI. MBINU REJESHI. Juu ya ukurasa: "Sifa za Mtemi – katili, mzinzi, mnyakuzi." Geuza kurasa zote hadi mwisho. Ni nadra sana upate sentensi moja inayosema kwamba msomaji alicheka, au alikasirika, au hakukubaliana na mwandishi.

Vitabu vya aina hii ni vingi mno kati ya vile vinavyozunguka katika kundi letu. Sisi ni wasomaji wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na wengine wachache wa Mombasa na Nairobi, tuliojuana mtandaoni tukaanza kutumiana vitabu vilivyotumika. Watu wakisikia habari zetu wanatusifu kwa "kukuza utamaduni wa kusoma." Asanteni, lakini hiyo sifa haisemi kitu. Hata mwongozo wa mtihani unasomwa. Mimi nauliza swali lingine: kitabu kikipita mikono mitano, kinasomwa tofauti na kilivyosomwa darasani? Ama tunatumiana tu darasa lile lile, ndani ya bahasha ya kaki?

Tuanze na usafiri, kwa sababu usafiri ndio unaoamua nani atasoma nini. Kule Marekani, mtandao kama BookMooch, ulioanzishwa mwaka 2006, ulikuta tayari mambo mawili ambayo sisi hatuna: mtu wa posta anayefika hadi mlangoni, na bei nafuu ya posta iliyowekwa maalum kwa ajili ya vitabu. Anayetoa kitabu ndiye analipia stempu. Akishatuma anapata pointi, na kwa pointi hizo anaomba kitabu kwa mtu mwingine. Hapa kwetu anwani ni namba ya sanduku, na wengi wa rika langu hawajawahi kumiliki sanduku. Sanduku ni la shule, la kanisa, au la mjomba aliyeajiriwa. Posta yenyewe ililiona hilo, ndiyo maana ikaja na MPost, ili namba ya simu iweze kuwa anwani. Lakini vitabu vyetu vingi bado vinapita kwa basi na matatu. Unaandika jina na namba ya simu kwenye bahasha, unampa karani wa mizigo pale steji, na mwenzako anapigiwa simu mzigo ukifika.

Na kwetu anayepokea ndiye analipa. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo limeunda ladha ya kundi zima. Ukijua nauli ya kitabu itatoka mfukoni mwako, hutaomba kitabu usichokijua. Utaomba jina ulilolisikia. Basi vinavyoombwa sana ni vya aina mbili: vitabu vya Kiingereza vinavyoahidi kukufanya tajiri au mwenye nidhamu kufikia Jumatatu, na vitabu vya fasihi vilivyowahi kutahiniwa. Riwaya ya Kiswahili ambayo haikuwahi kuingia darasani inaweza kutangazwa wiki tatu na asijitokeze mtu. Si eti watu hawapendi Kiswahili. Hawajui tu kama inafaa kuilipia nauli, na hakuna wa kuwaambia.

Voi angalau tuna bahati ya barabara. Mabasi ya Nairobi na Mombasa yanapita hapa usiku na mchana, na njia ya Taveta inaanzia hapa hapa. Aliye Kasigau au juu Sagalla anangoja mtu anayeshuka mjini. Kwa hiyo hata "jamii" tunayojivunia imefuata lami. Nalisema mapema, tusije tukajipamba kupita kiasi.

Sasa tufungue kitabu kimoja. *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora kilitoka mwaka 2012, na kuanzia 2013 hadi 2017 kilitahiniwa katika shule za sekondari kote nchini. Kisha kikaja *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei, na nakala chungu nzima za *Kidagaa* zikabaki bila kazi chini ya vitanda na juu ya makabati. Hizo ndizo tunazotumiana. Nakala iliyonifikia mimi imeshapitia wasomaji wanne, na unaweza kuwatofautisha kwa wino.

Wa kwanza ni mwanafunzi. Amefanya alichoambiwa: kila mhusika ana orodha ya sifa, kila ukurasa una mbinu iliyopigiwa mstari. Na lazima tukubali kwamba riwaya yenyewe inamrahisishia kazi. Mtawala anaitwa Nasaba Bora. Nduguye mwenye kujigamba anaitwa Majisifu. Vijana wema ni Amani na Imani. Walimu wetu huiita mbinu hii majazi, na mwanafunzi ameandika neno hilo mara tisa. Mwandishi akishampa mhusika jina ambalo ni hukumu, msomaji anabakiwa na nini cha kuamua? Huo ndio udhaifu ninaouona katika *Kidagaa*: wema wake umeshajulikana kuwa wema kabla haujatenda lolote.

Lakini katikati ya kitabu hicho kuna jambo ambalo jina la mtu haliwezi kulimaliza. Amani aliandika mswada, Mwalimu Majisifu akauiba, akauchapisha kwa jina lake, akapata sifa. Yaani hii ni riwaya kuhusu kitabu kilichoangukia mikononi mwa mtu asiyestahili. Mwanafunzi wetu amepita hapo na kuandika "maudhui: wizi wa kitaaluma," akaendelea na safari. Alama zake mbili alizipata, sina shaka.

Msomaji wa tatu, mwenye penseli, ndiye aliyesimama. Ameandika: "Mbona Amani ni mwepesi hivi wa kusamehe? Mimi ningeidai kazi yangu." Chini yake, kwa wino wa bluu, wa nne amejibu: "Ungeidai kwa nani? Mwizi ndiye mwenye jina." Basi. Sentensi nne tu, za watu ambao sidhani wamewahi kuonana. Kwangu mimi huo ndio uhakiki bora wa *Kidagaa* niliowahi kuusoma, na nimesoma miongozo yake kadhaa. Wa kwanza kati ya hao wawili amegusa mshipa wa riwaya: je, msamaha wa Amani ni ukubwa wa moyo, ama ni mwandishi anayetaka kufunga hadithi kwa upole ili ifae darasani? Wa pili amemkumbusha kwamba haki nayo inahitaji mahali pa kuidai. Hakuna aliyetaja majazi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika. Sitafuti huruma, nataka ieleweke ninasimama wapi ninaposema haya. Chuoni kuna darasa la watu kumi na mhadhiri, na mtu akisema upuuzi kuhusu riwaya kuna wa kumrudisha. Ukishatoka, unabaki na kitabu peke yako. Voi kuna maktaba, kuna maduka ya vitabu vya shule, lakini hakuna meza ambapo watu wanabishana kuhusu Said Ahmed Mohamed saa kumi jioni. Ukingo wa ukurasa ndio meza yetu. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wenzangu wanaotaka kanuni ya "usiandike kitabuni." Wanasema kitabu safi kina heshima. Mimi nasema kitabu safi kilichopita mikono mitano ni mashahidi watano waliokataa kusema.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi yetu, na inahusu pesa. Nakala ikizunguka kwa watu watano, mwandishi amelipwa mara moja. Tena wakati ambapo Sheria ya VAT ya 2013 ilikwisha kukiwekea kitabu kodi ya asilimia 16 kama bidhaa nyingine, kila mteja anayepotea anamuuma mchapishaji. Walibora alifariki Aprili 2020, lakini kazi yake bado ni mali ya watu wake. Je, hatuli jasho lake?

Jibu langu ni kutofautisha nakala na faili. Simu zetu zimejaa PDF za vitabu vizima zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Ukimtumia mwenzako faili, wewe bado unayo, naye anayo, na kesho wanayo watu mia nne, na hakuna hata mmoja aliyenunua. Huo ni udugu na Mwalimu Majisifu, japo jina la mwandishi limeachwa kwenye jalada. Nakala ya karatasi ni kitu kingine. Mtu aliinunua. Ni moja, na inabaki moja. Ikiwa Mwatate, haiko Taveta. Nikikutumia mimi nimebaki bila, na kwa sababu nimebaki bila, nangoja kusikia umeionaje. Faili haingojewi. Sijawahi kumwona mtu akibishana na mwenzake pembeni mwa PDF aliyotumiwa. Anaihifadhi, anasema asante, anasahau. Nyembamba ndiyo njia ya karatasi, ila kuna mtu upande wa pili.

Wala hatujabuni kitu kipya. Fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa karne iliyopita ilikua kwa kutumwa na kujibiwa. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukumbi wa mashairi ambapo msomaji wa mji mmoja alituma beti zake na mwingine, mbali kabisa, akamjibu. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa walioandika humo. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 leo ni kitabu kinachosomwa kama fasihi. Msomaji wa enzi hizo hakudhani kazi yake ni kuorodhesha tamathali za usemi. Alidhani anadaiwa jibu. Sisi tuliosoma kwa ajili ya "weka dondoo hili katika muktadha wake" ndio tuliokubali kwamba jibu liko mahali fulani, kwenye karatasi ya mwalimu, na kazi yetu ni kulikisia.

Kipimo cha haya yote ni kitabu kisicho na mwongozo. Mwaka huu kuna nakala ya *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi iliyoingia katika mzunguko wetu. Ilivuka mpaka pale Holili, ikafika Taveta ndani ya mkoba wa mtu aliyetoka Moshi. Hiyo ndiyo njia ambayo vitabu vingi vya Tanzania hutufikia, kwa kuwa dukani hapa huvioni. *Nagona*, iliyotoka mwaka 1990, ni nyembamba. Unaweza kuimaliza kwa jioni moja na usijue umetoka wapi. Hakuna Nasaba Bora humo. Msimulizi anasafiri katika nchi isiyo na ramani, anakutana na wanafikra waliokufa zamani, na hadithi inakataa kukushika mkono.

Nakala hiyo imepita kwa watu watatu kabla yangu, na pambizo zake ni nyeupe. Watu wale wale waliomjaza Walibora wino! Nafikiri najua sababu. Si uvivu. Hawakuwa na neno la kuandika, kwa sababu maneno tuliyopewa ni ya kutia alama: hii ni tashbihi, hii ni takriri. Kitabu kisipokuwa na majibu, tunadhani hatuna ruhusa ya kuongea. Na hapo ndipo kundi letu linapopimwa, si kwenye idadi ya bahasha zilizopita steji.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayepokea kitabu aandike ndani yake kwa penseli, aweke mwezi na mji. Pili, asiandike jina la mbinu yoyote ya lugha bila kusema ilimfanya nini. Tatu, kwa vitabu ambavyo havikuwahi kutahiniwa, nauli tuigawane, anayetuma nusu na anayepokea nusu, ili kutojua kitabu kusiwe sababu ya kukikosa. Hili la tatu litatugharimu, najua. Lakini bila hilo tutaendelea kuwa ghala la vitabu vya kidato cha nne.

Nimeshaanza na *Nagona*. Ukurasa wa kumi na kitu, mahali ambapo nilirudia aya mara tatu, nimeandika: "Sielewi. Naendelea. Voi." Imeshapanda matatu ya Wundanyi. Anayeipokea, tafadhali, usinifafanulie. Niambie kama na wewe uliendelea, na ulikwama wapi.