Mtazame Asiyesema: Kupima Uigizaji kwa Kazi za Alec Guinness

Watazamaji wengi humpima mwigizaji pale anapofungua mdomo. Wanangoja kilio, hasira au hotuba ndefu, kisha wanatoa hukumu: huyu ameuvaa uhusika, yule bado. Kipimo hicho si cha kutupwa, ila kina kasoro kubwa, maana maneno kayaandika mtu mwingine, na machozi hufundishika. Anayetaka kutenganisha uigizaji bora na ule wa kawaida amtazame mwigizaji wakati zamu ya kusema ni ya mwenzake. Hapo hana maneno ya kumbeba. Ama kuna mtu anayefikiri mbele yetu, ama kuna mtu anayesubiri zamu yake. Ushahidi nautafuta katika kazi za Alec Guinness, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1914 na kufariki mwaka 2000, kwa sababu katika filamu zake mna ya kuithibitisha hoja hii na mna ya kuisumbua pia.

Kwanza tuondoe kinachoyapumbaza macho upesi, yaani sura ya kubandika. Guinness alisifiwa kwa kubadilika kiasi cha kutotambulikana, na mwaka 1948, katika Oliver Twist ya David Lean, alimwigiza Fagin akiwa na pua kubwa ya bandia iliyofuata michoro ya George Cruikshank. Wayahudi wengi waliiona kuwa ni dhihaka dhidi yao, na Marekani filamu ikacheleweshwa hadi 1951, tena baada ya kukatwa vipande. Ukiacha hata ubaya huo, pua ile ilifanya kazi ambayo ingefanywa na mwigizaji: mtazamaji alikwisha kumhukumu mhusika kabla hajasema lolote. Mwaka uliofuata ikaja Kind Hearts and Coronets, ambamo Guinness anaigiza watu wanane wa ukoo mmoja, akiwemo mwanamke. Kuna picha ya kanisani inayowaonyesha sita kwa pamoja. Ilipatikana kwa kukaza kamera isitikisike, kuziba sehemu ya lenzi, kupiga, kurudisha mkanda nyuma, kisha kupiga tena Guinness akishabadili maleba. Ni ufundi wa kusifiwa, lakini sifa ni za mpigapicha Douglas Slocombe. Cha Guinness ni yule admirali anayezama na meli yake kwa ukaidi wa kutokiri kosa: amesimama wima, mkono umepiga saluti, maji yanapanda, na uso hauna hata chembe ya shaka. Ndevu mpambaji anaweza kuzibandika. Ujinga wenye heshima kama ule hauna gundi.

Mwili mzima nao husema, wala si uso tu. Katika The Bridge on the River Kwai ya 1957, filamu iliyompa Oscar ya mwigizaji bora, mhusika wake, Kanali Nicholson, anatolewa katika kibanda cha bati alimofungiwa juani na Wajapani, naye anavuka uwanja mbele ya askari wake. Guinness alieleza baadaye kwamba mwendo ule aliuchukua kwa mwanawe, aliyekuwa amepata nafuu ya polio. Utazame kwa makini. Magoti yanakataa, mgongo unakataa kukubali kwamba magoti yamekataa, na katika mvutano huo unamwona mtu ambaye baadaye atampendezesha adui kwa daraja zuri kuliko alilotaka, mradi tu nidhamu isivunjwe. Kisha kuna ile jioni anapoegemea ukingo wa daraja lililokamilika na kuzungumza juu ya miaka yake jeshini. Lean aliipiga sehemu kubwa ya tukio hilo kutoka nyuma, jambo ambalo waigizaji wengi hulichukia kuliko kukatwa mshahara. Fimbo yake ya kiofisa inadondoka mtoni. Uso hatuuoni vizuri, na bado tunajua kwamba mzee huyu ameanza kuhesabu maisha yake na hesabu haimfurahishi.

Lakini somo lenyewe liko kwenye televisheni. Mwaka 1979 BBC ilionyesha Tinker Tailor Soldier Spy katika sehemu saba, kutoka riwaya ya John le Carré, Guinness akiwa George Smiley, jasusi aliyestaafishwa ambaye mkewe, Ann, hamtunzii ndoa. Ili kujiandaa aliomba kukutanishwa na Maurice Oldfield, aliyewahi kuongoza idara ya ujasusi ya Uingereza, wakala chakula cha mchana pamoja. Kazi ya Smiley karibu yote ni kusikiliza. Mapema kabisa katika tamthilia hiyo analazimika kula na mtu mmoja mbeya, Roddy Martindale, anayebwabwaja kuhusu wakubwa wa idara na kuhusu Ann. Mwigizaji wa kawaida angekunja uso jina la mke lilipotajwa, ili sisi tujue anaumia. Guinness anakuwa na adabu zaidi. Jibu linafupika, macho nyuma ya miwani minene yanabaki pale yalipokuwa kwa nukta moja zaidi ya inavyohitajika, kisha anaendelea kama mtu anayeyajua haya yote na ameshayasikia kwa wengine. Baadaye anamtembelea Connie Sachs, mchambuzi wa zamani aliyefukuzwa kazi, anayeigizwa na Beryl Reid. Connie ananung'unika, anacheka, anaomboleza enzi zilizopita, yaani Reid ndiye anayefanya yale ambayo watu huyaita uigizaji, tena anayafanya vizuri mno. Jaribu kuyatazama mazungumzo hayo mara ya pili ukimwangalia Smiley peke yake. Anampenda mama yule, anamhurumia, na wakati huohuo anamchuna habari. Mambo matatu hayo yamo ndani ya mtu aliyekaa tu. Ukitaka jaribio gumu zaidi, zima sauti. Kama bado unajua ni wakati gani Smiley amepata alichokifuata, basi unatazama kazi ya daraja la juu.

Yuko atakayesema kwamba ukimya wa kwenye skrini ni hila ya mhariri. Hoja hii ina uzito. Lev Kuleshov wa Urusi ya Kisovieti alichukua picha ileile ya uso wa Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, na inasimuliwa kwamba watu waliusifu uso kwa njaa na kwa majonzi ambayo haukuwa nayo. Basi huenda na Smiley ni uso mtupu unaojazwa na sisi? Jibu liko katika mabadiliko. Uso wa Kuleshov ulikuwa mmoja, haukusogea; maana ilitoka kwenye mkato. Guinness mara nyingi anabadilika ndani ya picha moja isiyokatwa: anaingia katika sentensi ya mwenzake akiwa na wazo hili, anatoka akiwa na jingine, na tunaweza kuonyesha kwa kidole mahali lilipogeukia. Mhariri anaweza kuchagua kulionyesha au kulificha. Kulitengeneza hawezi. Hapa ndipo pia pa kumkamata mwigizaji mvivu anayejificha nyuma ya utulivu, na siku hizi wako wengi: mtazame mwanzoni na mwishoni mwa maneno ya mwenzake. Kama ni yuleyule, hajasikia kitu.

Pingamizi la pili ni la watu wa jukwaani, nalo silipuuzi. Ukumbini mtu wa kiti cha nyuma haoni kope. Anahitaji sauti na mwili wa mwigizaji kama Laurence Olivier. Hamlet wa Guinness wa mwaka 1951, jijini London, aliangushwa vibaya na wahakiki, na taa kuharibika usiku wa ufunguzi hakutoshi kueleza kila kitu. Nakubali kwamba kiwango cha udogo kinategemea umbali wa mtazamaji. Lakini ni Guinness huyohuyo aliyepata tuzo ya jukwaani ya Tony mwaka 1964 huko New York kwa kumwigiza mshairi Dylan Thomas, mlevi na mpiga kelele asiyefanana na Smiley hata kidogo. Kwa hiyo ukimya ulikuwa uamuzi wake, na mwigizaji aliyechagua kunyamaza huku akiwa na sauti ya kutosha ni tofauti na yule asiye na cha kusema.

Umaarufu usikuchanganye. Dunia inamjua kwa Star Wars ya 1977, kazi iliyomtajirisha kwa kuwa alipewa asilimia ya mapato, na ambayo hakuficha kuichoka. Hata humo kuna dakika ya kushika: kijana Luke anapouliza baba yake alikufaje, mzee anayeigizwa na Guinness anasita kidogo kabla ya kujibu. Siri ya baba haikufunuliwa hadi filamu ya 1980, na bado kusita kule kunaingiana nayo sawasawa.

Upande wa pili uwekwe A Passage to India ya 1984, filamu ya mwisho ya Lean, ambamo Guinness, akiwa amepakwa rangi, anamwigiza Profesa Godbole, Mhindu wa tabaka la Brahmin. Alilaumiwa, na kwa haki. Utulivu upo, macho ya nusu yapo, ila hakuna wazo linalogeuka. Ameiga upole wa mtu asiyemjua kwa ndani, na tumerudi kwenye pua ya Fagin kwa njia ya adabu zaidi. Katika filamu hiyohiyo mtazame Peggy Ashcroft kama Bibi Moore, hasa wakati wengine wanazungumza. Alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi, na safari hiyo wapiga kura walikuwa wametazama vizuri.